Kozi Niliyomchagulia Mtoto wa Wenyewe

Nilibadilisha kozi ya msichana mmoja Jumanne moja mchana, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha kawaida katika chumba cha kompyuta cha shule. Nilipomaliza nilienda kula githeri na walimu wenzangu. Nakumbuka nilikula vizuri. Katika yote yaliyofuata, hilo ndilo linalonisumbua zaidi hata leo: kwamba mkono haukutetemeka, na chakula kilipita.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya bweni ya wasichana, upande wa Kitengela unaoelekea Isinya. Nilizaliwa Ukambani, nikaletwa huku na ndoa, wakati pundamilia walikuwa bado wanavuka barabara kuu asubuhi na ng'ombe wakilala mahali ambapo sasa pana maghorofa ya kupangisha. Kando na Kiswahili, kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasaidia wasichana wanaomaliza kuchagua vyuo na kozi. Hakuna aliyenifundisha kazi hiyo. Mwalimu aliyekuwa akiifanya alihamishwa, mwalimu mkuu akaniangalia mkutanoni na kusema, "Wewe unaongea nao vizuri," ikawa imeisha. Wasichana wakaanza kuniita Madam wa Kozi.

Watu hudhani ni kazi ya kubonyeza vitufe. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, serikali hufungua tovuti ambamo kila mtahiniwa huingia na kuandika kozi na vyuo anavyovitaka, kuanzia anachokipenda zaidi. Tovuti hufungwa, mtambo unalinganisha alama na nafasi zilizopo, kisha kila mmoja anapata ujumbe kwenye simu kumwambia amepangiwa wapi. Wiki hizo wasichana waliomaliza hurudi shuleni, wengine na mama zao, wengine na baba ambao hawajaingia ndani ya lango tangu siku ya kuwaleta kidato cha kwanza. Nimewaona baba anayetaka uhandisi na binti anayetaka kujifunza kuoka keki wakikaa kwenye benchi moja bila kutazamana. Mama mmoja anayeshona nguo kiwandani aliwahi kuninong'onezea, "Madam, mwandikie kitu itampatia kazi haraka, mgongo yangu imeisha." Nimewafuta machozi waliokosa udaktari kwa pointi moja. Nilikuwa mzuri katika kazi hiyo. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni ule uzuri ulionidanganya, nikafika mahali nikaamini kwamba nikimtazama mtoto naona maisha yake yote.

Msichana ninayemzungumzia alitoka nje ya mji wa Kajiado, upande wa machimbo ya mawe, katika familia ya wafugaji wa Kimaasai. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kusoma swali hadi mwisho kabla ya kushika kalamu. Kwa miaka minne alinisalimia kama watoto wa kwao wanavyosalimia watu wazima: anainamisha kichwa, nawe unamgusa utosini kwa kiganja. Sikukulia katika desturi hiyo lakini niliizoea, na kwake yeye nilifika mahali pa kuingojea.

Alipata B. Kwao hakuna aliyekuwa amepita darasa la nane. Siku alipokuja kuchukua karatasi yake ya matokeo nilipiga vigelegele katikati ya uwanja wa gwaride, hadi wapishi wakatoka jikoni kuona kuna nini.

Alikuja kujaza maombi yake peke yake. Nilimvutia kiti.

"Haya," nikamwambia, "tuanze na digrii."

"Madam, mimi niko na kozi yangu tayari."

Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kusimama wima: diploma ya afya ya mifugo, na chini yake vyuo vitatu, cha kwanza kikiwa karibu kiasi cha mtu kurudi nyumbani wikendi.

"Diploma?"

"Ndio, Madam."

"Na hiyo B yako utaipeleka wapi?"

"Nitaenda nayo."

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Aliniambia kwamba alipokuwa kidato cha pili, mbuzi wa mama yake walianza kukohoa. Ni ugonjwa wa mapafu ambao kwao wanauita olkipei. Baba yake alikuwa amehama na ng'ombe kutafuta nyasi karibu na mpaka wa Tanzania. Mama alituma watu wamtafute daktari wa mifugo, wakaambiwa yuko Ngong, kesho yake wakaambiwa yuko kwa mkutano, akaja siku ya tisa.

"Walikuwa thelathini na mmoja," alisema. "Walibaki wanne. Na dawa ilikuwa hapo Kajiado mjini, Madam. Ilikuwa imepangwa kwa shelfu. Mama hakujua ni gani, na mwenye duka hakujua ni ugonjwa gani."

"Basi somea udaktari wa mifugo wenyewe. Digrii kamili."

"Pointi hazifiki. Nimehesabu."

Nilihesabu mimi pia. Hazikufika. Nikamwambia kwamba kwa B hiyo angeweza kupata digrii nyingine nzuri, ualimu kwa mfano, na kwamba watu wangesema amepata B halafu akaenda kudunga mbuzi sindano.

"Si ni mbuzi inataka kudungwa, Madam," akasema. Alisema kwa upole, wala hapakuwa na utovu wa adabu ndani yake. Alikuwa ananieleza jambo.

Tukajaza alivyotaka. Mimi nilisoma, yeye akabonyeza. Kabla hajaondoka nilimkumbusha kanuni niliyokuwa nikiwapa wote: asibadilishe neno la siri. Neno la siri la kwanza ambalo tovuti ilimpa kila mmoja lilikuwa nambari ya cheti chake cha kuzaliwa, na mimi niliwaambia waliache hivyo ili wasije wakalisahau. Nambari za vyeti vyote nilikuwa nazo kwenye faili.

Wiki chache baadaye serikali ilitangaza kwamba tovuti ingefunguliwa tena kwa siku chache, kwa wanaotaka kurekebisha. Jumanne ile asubuhi tulikuwa na kikao cha walimu. Mbele ya ofisi yetu pana ubao wa mbao ambao kila mwaka fundi huandika kwa rangi nyeupe majina ya wasichana walioenda chuo kikuu. Wa diploma hawaandikwi. Mwalimu mkuu aliuliza, "Mwaka huu tuko wangapi?" nikataja idadi, akakunja midomo. Hakusema lolote zaidi ya hapo. Nisimsingizie. Hakuniagiza chochote.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Binti yangu mwenyewe alikuwa nyumbani. Alipomaliza shule nilimwachia achague, akachagua diploma ya mambo ya hoteli, nami nikajipongeza kwa kuwa mzazi wa kisasa. Mwezi ule mkataba wake katika hoteli moja ulikuwa umekwisha wala haukurudiwa. Nilikuwa nikitoka kwenda kazini namwacha amekaa kwenye kochi na nguo za kulalia, nikirudi jioni namkuta palepale. Alikuwa akiniangalia kwa namna ambayo mimi niliisoma kama swali: mbona uliniachia? Sijui kama alikuwa akiuliza hivyo. Sikumwuliza.

Basi siku ile baada ya kikao nilimpigia yule msichana simu. Hakupatikana. Nilijua kwao mtandao haupatikani mpaka mtu apande juu ya kilima nyuma ya boma. Nikapiga mara ya pili, na ya tatu. Kisha nikajiambia kwamba nimejaribu.

Niliingia kwenye tovuti kwa nambari yake ya mtihani na nambari ya cheti chake cha kuzaliwa. Jina lake likatokea juu, na chini yake kozi yake na vyuo vyake vitatu. Nilivifuta kimoja kimoja. Nikaweka digrii ya ualimu, Kiswahili na Historia, katika vyuo vikuu ambavyo nilijua B yake ingepita bila shida. Kile ambacho angepata kwa urahisi zaidi kilikuwa magharibi mwa nchi, mwendo wa kutwa nzima. Tovuti iliniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Kiswahili na Historia ndiyo masomo yangu. Wakati ule hata sikuliona hilo.

Siku ujumbe ulipotoka alinipigia. Nilisikia upepo, nikajua yuko juu ya kilima.

"Madam, nimepelekwa chuo kikuu."

"Hongera, mwanangu!"

"Ualimu." Upepo ukavuma kidogo. "Madam, mimi sikujaza ualimu."

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa rahisi pale, ingenigharimu aibu ya dakika kumi tu. Tungeandika barua mapema, pengine ingerekebishwa. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema, tulivu kabisa, sauti ile ninayotumia na wazazi, "Hiyo mitambo wakati mwingine huwa inafanya hivyo. Au labda ulibonyeza vibaya. Lakini tazama, huenda ni Mungu."

Akasema, "Sawa, Madam," akakata.

Familia yake ilifanya sherehe ya kumuaga, nami nikaalikwa. Nilienda nimevaa kitenge kipya. Baba yake, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini, aliwaambia majirani kwamba mtoto wake atakuwa mwalimu, kama huyu hapa. Wakaniangalia wote. Wazee walimbariki, wakamnyunyizia maziwa kwa nyasi mbichi, na yeye akasimama ameinamisha kichwa, uso hauonyeshi kitu. Nilipokuwa naondoka mama yake akaja akiwa amemshika mbuzi jike mdogo kwa pembe. Alizungumza Kimaasai, na msichana akanitafsiria: "Anasema huyu ni wako. Ni mtoto wa mmoja wa wale wanne."

Nilimpokea. Ungekuwa mahali pangu usingejua namna ya kukataa, lakini nakiri pia kwamba sikutafuta namna. Kule Kitengela uwanja wetu ni saruji tupu, kwa hiyo baada ya wiki moja nilimpeleka Machakos kwa dada yangu.

Muhula wa kwanza msichana alinitumia ujumbe mara mbili. Mara ya kwanza alisema amefika na kunanyesha kila siku. Mara ya pili aliniuliza kama mtu anaweza kubadilisha kozi, nami nikamjibu avumilie, mwaka wa kwanza ni mgumu kwa kila mtu. Baada ya hapo kimya. Jina lake likaandikwa kwenye ubao kwa rangi nyeupe. Nilikuwa nikipita pale kila siku, na mwanzoni nilikuwa nikiliangalia.

Mwaka uliofuata, msichana aliyesoma naye darasa moja alikuja shuleni kuchukua cheti. Nilimwuliza habari za mwenzake.

"Kwani hukujua, Madam? Huyo aliacha. Yuko Kajiado, anauza kwa agroveti."

Nilikaa na habari hiyo siku nne. Mume wangu aliniuliza kama ninaumwa. Siku ya tano, Jumamosi, nilienda Kajiado.

Duka la dawa za mifugo lilikuwa karibu na soko, dogo, lenye harufu kali ya dawa ya kupe. Alikuwa nyuma ya kaunta amevaa koti la kijani, akimweleza mzee mmoja kwa Kimaasai jinsi ya kupima dawa ya minyoo. Alichukua bomba la sindano lisilo na sindano, akavuta maji hadi kwenye alama, akamwonyesha, akayamwaga, kisha akampa mzee afanye mwenyewe. Mzee akakosea. Msichana akarudia kumwonyesha, polepole, mara tatu, hadi mzee akapata. Nilisimama mlangoni nikatazama yote. Katika miaka yangu yote darasani sijui kama nimewahi kumfundisha mtu kwa subira ile.

Aliponiona alitoka, akainamisha kichwa. Nilimgusa. Mkono wangu ulikuwa wa baridi, najua kwa sababu alishtuka kidogo.

Tulikaa nyuma ya duka kwenye kreti za soda. Aliniambia kwamba alikaa chuoni muhula mmoja na nusu. Alikuwa akikaa ukumbini na watu mia tatu anasikiliza mambo ya ngeli, anawaza nyumbani kuna nini. Kisha akaanza kukosa usingizi, kisha akaacha kwenda darasani, kisha akarudi. Baba yake hakumpiga wala kumfokea. Alimwambia tu kwamba mtu anayejaza fomu lazima aangalie anachojaza.

"Na yuko sawa," alisema. "Mimi nimekuwa nikifikiria nilibonyeza wapi. Kila siku, Madam. Najaribu kukumbuka ile siku, mahali mkono ilikuwa. Sikumbuki."

Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Yote yaliniishia.

"Hukubonyeza vibaya," nikasema. "Si mtambo. Ni mimi. Niliingia nikabadilisha, wakati ule walifungua tena. Nilikupigia, hukupatikana, nikabadilisha."

Aliniangalia. Lori la mawe likapita barabarani, vumbi likaja mpaka tulipokaa, na hakupepesa macho.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe."

"Mwaka mzima."

"Najua."

"Hapana, Madam. Hujui." Alisimama, akapangusa koti lake. Nilidhani ananifukuza. Akaingia ndani, akazungumza na mwenye duka, akatoka bila koti. "Twende nyumbani. Utamwambia baba wewe mwenyewe."

Tulipanda bodaboda mbili. Baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ukuta wa zizi, mama akitengeneza ushanga mlangoni. Walifurahi kuniona. Mama alikimbilia ndani kuweka chai motoni. Nikasema asisumbuke, msichana akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwache aweke. Wewe ongea."

Niliongea kwa Kiswahili, yeye akamtafsiria mama yake. Mzee alikuwa anaelewa. Nilisema yote, hata uongo wa simu. Nilipomaliza, mzee alikaa akichora ardhi kwa ncha ya fimbo yake.

"Ile siku ya baraka ulikuwa hapa," alisema.

"Nilikuwa, mzee."

"Ulijua."

"Nilijua."

Akaendelea kuchora. "Mwalimu, mimi nataka kuuliza. Ukiwa na ng'ombe yako, mimi naweza kuja kwa boma yako, wewe ukiwa umeenda safari, niweke alama yangu kwa hiyo ng'ombe?"

"Hapana."

"Hata kama alama yangu ni mzuri kuliko yako?"

Mzee aligeuka akamtazama binti yake, akasema maneno machache kwa Kimaasai. Msichana akaziba uso kwa viganja viwili na kulia, na baba hakusogea wala mimi sikusogea. Sikutafsiriwa maneno yale. Nadhani alikuwa anamwomba radhi kwa kumlaumu.

Mama ndiye aliyezungumza mwisho. Alikuwa amesimama na sufuria ya chai mkononi. Msichana alijipangusa, akatafsiri akiwa anaangalia chini. "Anauliza, wewe uko na mtoto?"

"Ndio. Msichana."

"Anauliza kama yeye unamchagulia."

Nikasema hapana, yeye nilimwachia.

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia, akanimiminia chai. Niliinywa. Sikumbuki ilikuwa na ladha gani.

Jumatatu nilimwambia mwalimu mkuu. Alifunga mlango. Akaniambia kwamba mimi ni mwalimu mzuri, kwamba nia yangu ilikuwa njema, na kwamba jambo hilo liishe hapohapo kati yetu wawili. Nikamwambia haliwezi kuisha hapo kwa sababu mtoto anahitaji barua. Kwa vile alikwishapangiwa nafasi mara moja, ombi lake la pili lilihitaji maelezo ya maandishi, na nani angemwamini bila mtu kukiri? Niliandika kurasa mbili, nikatia sahihi, nikazipeleka mwenyewe Nairobi, kwenye ofisi inayowapangia wanafunzi vyuo. Karani aliyezipokea alisoma ukurasa wa kwanza, akaninyanyulia macho.

"Mama, una uhakika unataka niweke hii kwa faili?"

"Weka."

Nilipata onyo la maandishi kutoka kwa wakubwa wangu, baada ya kuitwa mbele ya meza ndefu na watu watano. Nilikuwa nimejiandaa kwa makubwa zaidi, na nilipotoka nje nilisikia kitu ambacho si nafuu. Ilikuwa kana kwamba wote watano waliona ni kosa dogo la karatasi. Mmoja alinisindikiza hadi mlangoni akasema hata yeye angefanya vivyo hivyo.

Ombi la msichana lilikubaliwa, lakini kwa awamu iliyofuata, na mwenyewe alilijaza akiwa Kajiado, kwenye saiba, duka la kulipia intaneti, bila kuniambia. Yuko chuoni sasa, mwaka wa pili, kozi ileile aliyoniletea kwenye karatasi iliyokunjwa. Amechelewa miaka miwili. Wale ambao angekuwa nao darasani wameshamaliza. Nilimwandikia ujumbe wakati mmoja kumwomba msamaha tena, kwa maneno mengi. Alijibu siku iliyofuata: "Madam, bado sijajua. Nikijua nitakwambia." Sikumwandikia tena.

Nilitaka kuacha kazi ya kozi. Mwalimu mkuu alikataa, na hakuna mwalimu mwingine aliyejitolea, kwa hiyo bado ninaifanya. Sasa jambo la kwanza ni kila msichana abadilishe neno la siri huku mimi nimesimama dirishani nimewapa mgongo. Wanacheka, wanadhani ni vituko vya uzee. Nambari za vyeti nilizitoa kwenye faili langu, nikazirudisha kwa karani wa shule.

Lakini nisidanganye kwamba nimekuwa mshauri bora. Mwaka jana msichana mmoja alijaza kozi ambazo zote zilihitaji alama za juu kuliko zake. Niliona. Mdomo ulifunguka, nikakumbuka ukuta wa zizi, nikaufunga. Nilisema tu, "Una hakika?" kama ile tovuti. Akasema ndio. Hakupata hata moja. Mama yake alikuja kuniuliza, "Sasa Madam, wewe kazi yako ilikuwa nini?" Kati ya kumchagulia mtoto na kumnyamazia kuna njia, na nilikuwa nikiijua zamani, au nilidhani naijua. Siku hizi naipapasa.

Binti yangu alipata kazi Kiserian, katika mkahawa, kisha akaiacha, kisha akapata nyingine. Nilimsimulia habari hizi zote jioni moja tukikuna nazi. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kwa hiyo ulimfanyia yeye kwa sababu yangu." Nikasema labda. Akasema hakuwahi kunilaumu, alikuwa amechoka tu. Tukaendelea kukuna.

Mdogo wake yule msichana yuko kwetu shuleni, kidato cha pili. Wazazi wake walimleta wenyewe, baada ya mambo yote yale, na siku ya kumsajili baba yake alinisalimia kwa mkono, akauliza mvua imenyesha vipi huku Kitengela, akaenda zake. Mtoto huyo anakaa safu ya tatu, karibu na mlango. Insha zake ni nzuri sana. Sijui kwao ameambiwa nini juu yangu. Ninapogeuka ubaoni baada ya kuandika, mara nyingi namkuta ameshaacha kuandika, ananitazama, na ninaendelea na somo.